Msimu wa Kushona Vitabu

Jumatatu, 18 Novemba

Mtihani umekwisha leo asubuhi na mimi sijui nifanye nini na mikono yangu. Wenzangu walitoka wakimwagiana maji na kuandikiana majina kwenye mashati. Mimi nilikuja nyumbani mbiombio kama mtu aliyeacha sufuria jikoni, na nilipofika hapakuwa na sufuria wala nini. Mama alikuwa kwenye cherehani. Hakuinua kichwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya, vitabu vitoke chini ya kitanda. Mwenzio anavisubiri."

Hata pole ya njiani sikupewa. Mwenzio ni mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumba hii. Tunamwita Kimya, maana unaweza kukaa naye chumbani kutwa nzima usijue kama yupo. Mimi naitwa Shangazi. Jina alinipa kaka yetu tangu nikiwa mdogo, eti nagombeza watu kama shangazi aliyekuja kukagua nyumba ya kaka yake. Limenishika, hata Baba akipiga simu kutoka safarini na lori lake husema, "Nipe Shangazi."

Vitabu vyenyewe vilinunuliwa vipya kwa ajili ya Kaka. Akamaliza, vikaja kwangu. Sasa vinakwenda kwa Kimya. Na kabla havijahama, sheria ya Mama ni ile ile: penseli yote ifutwe, kona zinyooshwe, karatasi mpya ya kaki ivishwe, na palipofumuka apelekewe yeye. Kazi hiyo ni yangu mpaka shule zifunguliwe.

Jumatano, 20 Novemba

Nimefuta Hesabu. Mvua imeanza.

Ijumaa, 22 Novemba

Nyumba imeshakuwa soko. Mwaka mzima Mama anashona sare na kutia zipu mikoba ya watu, lakini mitihani ikiisha tu, anageuka fundi wa vitabu. Anayetaka kuuza vitabu vyake, anayetaka kumwachia mtoto wa ndugu, wote wanavileta hapa vikiwa vimefumuka, vingine vimefungwa kwa kamba kama kuni. Mama anavichambua juu ya meza, anapanga kurasa, anatoboa mgongo, kisha anavipitisha kwenye ile cherehani nzito ya mikoba kwa uzi wake wa bluu. Kitabu alichoshona Mama, wape watoto wawili wakigombanie, watachoka wao.

Leo kaja kinyozi wa hapo kona na vitabu vya mwanawe. Anataka kuviuza. Kaja pia jirani yetu tunayemwita Mama Redio, yeye hana kitabu, ana habari tu. Anasema amesikia kwamba wasahihishaji mwaka huu wana roho ngumu.

"Umesikia kwa nani?" nikamuuliza.

"Kwa watu."

Watu gani, hasemi. Nikatoka nje nikafagia uwanja, na mvua inanyesha. Mama akanitazama dirishani akatikisa kichwa.

Jumapili, 24 Novemba

Niliandike hapa, labda litaniacha. Ni swali la sita la kemia. *Eleza kwa nini sabuni haitoi povu kwenye maji magumu, na utaje njia za kuyalainisha.* Alama zake nyingi kuliko swali lolote la karatasi ile. Na mimi ukurasa wangu niliuacha mweupe pe.

Mada hiyo haimo kwenye kitabu chetu. Kutoka ukurasa wa tisini na sita unaruka mpaka wa mia moja na kumi na tatu. Tangu nikipokee kutoka kwa Kaka kilikuwa hivyo, nami nikajua Kaka kazipoteza hizo kurasa, maana yule hata viatu vyake huvipoteza akiwa amevivaa. Mwalimu alisema tujisomee wenyewe, ni mada nyepesi. Nikaomba kuazima kwa niliyekaa naye dawati moja, akasema kesho. Kesho ikawa kesho, mpaka ikawa siku ya mtihani.

Bila kemia siingii chuo cha maabara. Nataka kuwa yule mtu wa hospitali anayetazama damu ya watu kwenye darubini na kusema huyu ana hiki, huyu hana. Sitaki kingine. Nyumba nzima wanajua, na nyumba nzima wananipongeza kana kwamba nimeshavaa koti.

Jumanne, 26 Novemba

Nimefuta Fizikia nusu. Nimetembea mpaka bombani na ndoo tupu na kurudi na ndoo tupu. Nilisahau nilichoendea.

Jumamosi, 30 Novemba

Ngoja nitulie niandike vizuri.

Kimya amechagua kusoma historia. Mimi sikuisoma, kwa hiyo kitabu cha Historia cha Kaka kilikuwa ndani ya sanduku la bati tangu Mama alipokishona baada ya Kaka kumaliza. Leo nikakitoa nikifute vumbi. Nikawa nafungua fungua tu, sina hili wala lile. Ukurasa wa tisini na sita unaeleza wafalme na kodi walizotoza. Nikafungua wa tisini na saba. Kichwa cha habari: *Maji Magumu*.

Nilidhani macho yananichezea. Nikafungua mbele: maji magumu. Mbele tena: magadi ya kufulia, mchoro wa birika lenye ukoko mweupe. Mpaka wa mia moja na kumi na mbili. Kisha wa mia moja na kumi na tatu, wafalme wanarudi na kodi zao kana kwamba hawakuondoka.

Nimeelewa nikiwa nimechuchumaa palepale. Historia ilikuwa imepoteza kurasa hizo kweli. Za Kemia zilikuwa zimechomoka tu. Vitabu hivi ni vya kampuni moja, karatasi moja, ukubwa mmoja. Mama alivifumua vyote siku moja, akavitandaza mezani, akapanga kama anavyopanga siku zote, kwa namba. Tisini na sita, tisini na saba, zimekutana. Hakusoma maneno; pengo likabaki kwenye Kemia, naye bila shaka akadhani, kama mimi, Kaka kazipoteza. Akapitisha uzi wake wa bluu, imara, huwezi kuchomoa hata kwa meno.

Miaka yote niliyosoma, mada ile ilikuwa chumbani mwangu, chini ya kitanda changu, ndani ya sanduku.

Nimeisoma yote bila kunyanyuka. Mwalimu alisema kweli, ni nyepesi. Maji yetu ya bomba ndiyo yanayoelezwa mle, yale ambayo ukifulia sabuni inakatikakatika na birika linaota ukoko. Nikachukua karatasi, nikafunga kitabu, nikajibu swali la sita mwanzo mpaka mwisho. Nikalinganisha. Sikukosea popote. Kisha nikaichana karatasi vipande vidogo vidogo.

Nasikia cherehani inavyonguruma sebuleni na kila inaponguruma natamani kwenda kuing'oa mkanda.

Jumapili, 1 Desemba

Sijamwambia. Kitabu nimekilalia, kiko chini ya godoro. Nimeamua. Matokeo yakitoka na nikiwa nimefeli, nitakiweka mezani mbele ya watu, nisiseme neno. Wasome wenyewe.

Jumanne, 3 Desemba

Kimya ameulizia Historia. Nimemwambia panya wamekula kona, nakitengeneza. "Haya," akasema. Yule naye kila kitu haya.

Ijumaa, 6 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Vitabu vya watu vimetandazwa mpaka juu ya vitanda visipate unyevu. Nimelala pembeni ya Jiografia ya mtoto wa kinyozi.

Jioni Mama kaniita. "Simama hapa. Nyoosha mikono." Akanivisha koti jeupe. Kalitengeneza kwa vitambaa vilivyobaki vya sare za wauguzi alizoshona mwezi uliopita, na ukilitazama huwezi kujua kwamba ni vipande. Mifuko miwili mikubwa chini, mmoja mdogo kifuani wa kalamu. Akazunguka nyuma yangu akibana kwa pini, pini nyingine kazishika mdomoni.

"Mabega yako kama ya baba yako," akasema. "Chuoni watasema koti la dukani."

Nikasema asante. Sauti ilinitoka nyembamba, akadhani nimefurahi mpaka nataka kulia. Akanipapasa mgongo. Nilitaka kumwambia palepale, na nilitaka kumkumbatia palepale, nikashindwa yote mawili. Nikasema naenda kuangalia kama nguo zimekauka. Nguo gani, na mvua ile?

Jumatatu, 9 Desemba

Mama Redio anasema matokeo yatawahi mwaka huu. Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumatano, 11 Desemba

Nimerudi kutoka dukani nimemkuta Kimya amekaa kitandani kwangu na kitabu cha Historia mapajani. Amekifungua palepale.

"Panya wenyewe ndio hawa?" akauliza.

Sikujua mtoto huyu ana ulimi. Nikafunga mlango. Nikamweleza yote, kwa kunong'ona, huku natembea kutoka dirishani mpaka mlangoni: swali la sita, mwalimu aliyetuambia tujisomee, kesho ya mwenzangu wa dawati, ukurasa mweupe. Kimya ananisikiliza tu, ananifuata kwa macho.

"Utamwambia?"

"Nitamwambia siku yake ikifika."

"Siku gani?"

"Siku ya matokeo."

Akafikiri. "Yaani umempangia siku."

"Na wewe ungefanyaje? Ungesema haya?"

"Mimi ningeomba nisiwe na hicho kitabu chini ya godoro," akasema. "Ndiyo maana hulali. Unageuka geuka usiku kucha, mpaka mimi nasikia kizunguzungu."

Halafu akakirudisha mwenyewe mahali pake, akanyoosha shuka, akatoka. Siku zote nilimwona huyu mtoto kama kiti, kipo tu. Kumbe kiti kinatazama. Nimekasirika naye na sijui kwa kosa gani.

Jumamosi, 14 Desemba

Sikuingoja siku yenyewe.

Ilikuwa karibu na adhuhuri, sebule imejaa. Kinyozi kaja kufuata vitabu vyake, Mama Redio kaketi penye upepo kama kawaida, na kulikuwa na mama mmoja mwenye miwani kutoka mtaa wa pili, mara yake ya kwanza kufika, kaleta vitabu vya binti yake anavyotaka kumpa mtoto wa dada yake. Yule mama ni mwangalifu. Anashikashika mshono, anauliza hiki, anauliza kile.

"Na kurasa je? Hazipotei mkiwa mmevifumua vingi hivi?"

Mama akacheka. Hakucheka kwa dharau, alicheka kwa raha tu, mtu aliyeulizwa jambo analolijua. "Dada yangu, tangu nianze kazi hii sijapoteza ukurasa wa mtu. Muulize huyu binti yangu hapa. Vitabu vyote amesomea vya mkono wangu, na keshokutwa anaingia chuo cha maabara."

Akanigeukia, na uso wake wote unang'aa.

Nilinyanyuka. Wala sikukimbia, nilitembea. Nikaenda chumbani. Kimya alikuwa mlangoni, akanishika mkono wa gauni, nikajikwanyua. Nikarudi na Historia nikaiweka juu ya meza ya kushonea, juu ya vitabu vya yule mama, nikaifungua.

"Soma, Mama," nikasema. "Soma kwa sauti wasikie."

Akavaa miwani yake. Bado alikuwa na ile sura ya kucheka. "'Maji magumu ni maji ambayo…'" Akafungua jalada akatazama jina la kitabu. Akarudi ndani.

Kinyozi, maskini, akaona hali imechafuka akajaribu kuokoa. "Labda ni historia ya maji," akasema.

"Hilo ndilo swali lililonishinda," nikasema. "Swali la sita. Niliacha ukurasa mtupu, Mama. Mada imeshonwa kwenye historia, mimi nimekaa kwenye mtihani natazama dari. Na bado unawaambia watu hujapoteza ukurasa wa mtu."

Niliyasema hayo kwa sauti kubwa, na nilipomaliza nilikuwa bado nina mengine. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi kitandani. Lakini Mama alikuwa hanitazami. Alikuwa anapitisha kidole kwenye mshono, taratibu, kutoka juu mpaka chini, halafu akafungua tisini na sita, akafungua tisini na saba, akafungua mia moja na kumi na mbili. Nikaona ameelewa. Namba zilivyokutana, na yeye alivyoziamini.

"Ni mshono wangu," akasema. Hakujitetea. Hakusema Kaka, hakusema giza, hakusema haraka.

Kisha akavua miwani, akawageukia watu. "Jamani, naomba leo mnisamehe. Chukueni vitabu vyenu. Vilivyoshonwa na ambavyo sijavishona."

Yule mama mwenye miwani akakusanya vyake bila kuaga. Mama Redio, ambaye sijawahi kumwona akikosa la kusema, alijifunga khanga yake akaondoka kimya. Kinyozi alibaki kidogo, akasema, "Mama Fundi, mbona ni jambo dogo tu," naye akaenda.

Mama akaifunika cherehani kwa kitambaa. Mchana kweupe.

Nilidhani nitashusha pumzi. Nimezunguka uwanjani mpaka jioni. Chakula kapika Kimya, na Mama alinipakulia mimi kwanza kama siku zote. Ningependa angenipiga kofi.

Jumapili, 15 Desemba

Cherehani imefunikwa.

Jumatatu, 16 Desemba

Imefunikwa. Nyumba bila mngurumo ule ni nyumba ya watu wengine. Nimekaa, nimesimama, nimekaa.

Jumatano, 18 Desemba

Asubuhi Mama kavaa gauni lake la kutokea. Kwenye mkoba katia wembe, sindano kubwa na rola la uzi wa bluu. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Kwa watu."

Nikamfuata. Mwanzo nilikaa nyuma, kama mtu aliyekutana naye njiani tu. Akaingia kwa kinyozi. Duka limejaa vichwa vinasubiri, na yeye kasimama katikati anasema, "Naomba nikifungue kila kitabu nilichokushonea." Wote wakageuka. Kinyozi akazima mashine, akaleta vitabu.

Mama anafungua ukurasa mmoja mmoja. Sasa hatazami namba, anasoma. Nikaona midomo yake inacheza. Kwenye Jiografia, aliyowahi kuishona miaka ya nyuma, akakuta kurasa zimeshonwa juu chini, milima imening'inia.

"Alaa, hizo?" kinyozi akasema. "Kijana mwenyewe alikuwa akigeuza kitabu tu. Hakuwahi kulalamika."

"Atakayenunua atalalamika," Mama akasema, akatoa wembe.

Alifumua palepale, kwenye kiti cha kusubiria, nywele za watu zinamwangukia miguuni. Akashona kwa mkono. Mshono wa mkono wake ni mzuri kuliko wa mashine, sikuwa najua. Tukatoka tukaingia nyumba ya pili. Wengine wanamkaribisha, wengine wanamwambia vitabu vimeshauzwa, mmoja akamwambia usoni, "Kwa hiyo mwanangu naye mwaka jana alifeli kwa sababu yako." Mwanawe hakuwa akifungua kitabu chochote, kiwe cha Mama kiwe cha mtu mwingine, mtaa mzima tunajua, lakini Mama alisema tu, "Nionyeshe nitazame."

Kutoka nyumba ile mkoba nilibeba mimi.

Ijumaa, 20 Desemba

Leo tumekwenda kwa muuza vitabu vilivyotumika, nyuma ya stendi. Waliouza walimuuzia yeye. Vitabu vimerundikwa chini ya turubai mpaka juu. Mama akainama akaanza kutafuta uzi wa bluu.

"Unanunua au unasoma?" muuzaji akauliza.

"Natafuta kosa langu," Mama akasema.

Yule mtu hakuelewa, nikamweleza mimi. Nilitarajia atatufukuza. Akaleta kigoda. Tumechambua mpaka mgongo ukaniuma, Mama anasoma, mimi nanyoosha uzi na kumpa sindano. Vingi vilikuwa sawa, karibu vyote. Lakini vingine vilikuwa vimeshanunuliwa, vimekwenda, na hatuna namna ya kuvipata. Hilo ndilo linalomuuma. Njiani akasema, "Yupo mtoto mahali anafungua kitabu changu sasa hivi."

Nikahamishia mkoba bega jingine. Nilitaka aumie, nami nimemwona ameumia, na sina faida nayo hata chembe.

Jumapili, 29 Desemba

Watu bado wanaleta vitabu. Kinyozi kawaambia wenzake kwamba hakuna fundi mwingine anayerudi nyumbani kwako kukagua kazi yake. Mama anawarudisha wote mlangoni. "Siku hizi sishoni vitabu." Sare anashona, zipu anatia. Kitabu hagusi, hata cha Kimya. Kemia na Historia ziko mezani vilevile, hazijafumuliwa.

Alhamisi, 2 Januari

Matokeo bado. Mtandao unasumbua na kila mtu mtaani anasema lake. Nimetafuna kucha mpaka vidole vinauma.

Jumamosi, 4 Januari

Mama Redio kapita leo akitangaza kwamba yametoka. Hayajatoka.

Alhamisi, 9 Januari

Yametoka.

Nimefaulu yote. Kemia nimeanguka hatua moja chini ya wanayotaka chuoni. Hatua moja. Swali moja lingenivusha, na wote watatu tuliosimama pale na simu tunajua ni lipi.

Hakuna aliyelitaja. Kimya kanishika kiganja. Mama alisema, "Hongera kwa hayo mengine," akaingia chumbani kwake, akakaa huko. Kaka kapiga simu. "Shangazi, kurudia si kufa. Mwaka mmoja tu." Nikamgombeza kidogo ili asikie kwamba ni mimi. Baba alipopiga nikasikia lori linanguruma, halafu akasema, "Utarudia, mwanangu."

Nitarudia kemia peke yake, nikiwa nyumbani. Sikulia. Nimepiga deki nyumba nzima, mpaka chini ya makabati.

Jumamosi, 11 Januari

Shule zinafunguliwa Jumatatu. Tumekubaliana na Kimya kwamba kitabu cha Kemia kitakuwa chake akiwa darasani, changu akirudi. Lakini kitabu chenyewe bado kina pengo, na Historia bado ina maji.

Mchana tulikuwa watatu sebuleni. Mimi navisha vitabu karatasi ya kaki, Kimya ananikatia. Mama alikuwa anatia vifungo kwenye shati la sare. Akakata uzi, akaliweka shati chini.

"Nikuulize," akasema. "Na usinipake mafuta."

"Niulize."

"Zile kurasa zingekuwa mahali pake. Ungelijibu lile swali?"

Nilijua litakuja. Nilidhani likija nitakuwa na hasira ya kunisaidia, lakini nilipoitafuta sikuipata. Nilimwona tu mtu mzima aliyevaa gauni la kutokea akashona katikati ya nywele za watu. Nikaendelea kukunja karatasi.

"Nisingelijibu," nikasema.

"Kwa nini?"

"Mwalimu aliifundisha mada ile, Mama. Wiki nzima. Niliyekuwa nasinzia ni mimi."

Kimya aliacha kukata. Sikumtazama. Alikuwa anajua mwalimu alisema nini, nilimwambia kwa mdomo wangu. Nikasikia mkasi unaanza tena, taratibu.

Mama alinitazama mpaka nikakosea kukunja. "Ulikuwa unasinzia."

"Nilikuwa nasinzia."

"Nimekulea tangu mchanga. Sijawahi kukuona umekaa mahali ukatulia hata ukasinzia."

"Darasani ni tofauti," nikasema.

Akaokota lile shati, akalikunja. Mimi nikaogopa kwamba nimeharibu, kwamba ameuona uongo na umemzidishia mzigo. Akanyanyuka, akaondoa kitambaa juu ya ile cherehani nzito, akakikunja. Akachukua Kemia na Historia akaviweka mbele yake, akatoa wembe, akaanza kufumua.

"Njoo hapa," akasema bila kuinua kichwa. "Unisomee maneno, ukurasa kwa ukurasa. Namba niachie mimi."

Kimya akanisogezea kiti. Nikakaa, nikamsomea Mama mpaka giza likaingia, na sikunyanyuka hata mara moja.